Umeisahau Baridi ya Kwetu

Hajrat Lawz, Dhamar
Jumamosi, 2 Novemba 2019

Mdogo wangu Hizam,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa kifua cha shemeji yako Muqbil. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao unashika kule juu mgongoni mwa mlima tu, mlangoni kwa Bi Hurriya, na ukiongea pale ni sawa na kuongea kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mambo ya nyumba yangu sitaki wachunga kondoo wayajue kabla ya ndugu yangu. Barua hii anakuletea Shawqi wa lori la viazi. Anashuka huko Tihama kila wiki, mpe majibu yeye yeye.

Muqbil ana mwezi wa tatu sasa Dhamar mjini, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya hospitali. Vumbi la mawe aliyoyachonga miaka thelathini limeganda kifuani. Wenzake wa machimboni wamemnunulia mashine ya oksijeni, Allah awalipe, na betri nne kubwa juu yake. Anatakiwa aivute saa kumi na sita kwa siku, usingizi wote ukiwemo. Mjini umeme upo. Kwetu unajua.

Nilimuuliza daktari atarudi lini nyumbani. Akasema, "Mama, siku utakayoniambia mashine imeunguruma kwako usiku saba bila kuzimika hata mara moja. Kabla ya hapo ukimchukua, chukua na sanda." Hakusema kwa ubaya. Ni kijana mwenye haya, aliangalia viatu vyake.

Nikienda kumwona Muqbil ananiuliza mlozi wa mlangoni umechanua au bado. Ananiuliza kila mara, Hizam, na ni Novemba.

Basi mzee wetu Naji ametangaza ghurmu, mchango wa ukoo mzima, baada ya sala ya Ijumaa. Kila nyumba paneli moja ya sola. Nyumba sita zote zimetoa, kwa hiyo nina paneli sita. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie niziunge vipi, na inveta ya namna gani.

Dada yako,
Taqiyya


Bayt al-Faqih, Tihama
Jumatano, 6 Novemba 2019

Dada Taqiyya,

Waalaykum salaam. Shawqi kanipa barua na kilo tano za viazi, viazi ameviiba njiani kwenye mzigo wa mtu, nimevila.

Inveta usinunue. Ninayo dukani, nitaileta kwako bure, na usianze kubishana, barua haibishani. Mashine kama ile haitaki inveta za rahisi zinazotoa umeme wa mikwaruzo. Inataka umeme laini kama wa mjini. Hii yangu inautoa, na chaji ya betri inaisimamia yenyewe.

Sasa sikiliza. Paneli ukiziunga moja nyuma ya nyingine, volti zinajumlishwa. Ukiweka mistari miwili ubavu kwa ubavu, volti hazipandi, nguvu ndiyo inayoongezeka. Inveta hii inapokea volti 145 kutoka paani. Zikizidi hapo inaungua, na ikiungua ni ya kutupa. Kwa hiyo geuza kila paneli, mgongoni kuna kibandiko. Tafuta volti za wazi, yaani zile paneli inazotoa ikiwa haijaungwa popote. Niandikie namba hiyo ya kila moja.

Halafu hiyo ghurmu. Nyumba sita, umeandika. Zamani zilikuwa saba.

Hizam


Hajrat Lawz
Jumapili, 10 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Nimepanda paani na miwani ya Muqbil. Kibandiko kimeandikwa volti za wazi 46. Paneli kubwa, ndefu kuliko mimi. Nimeshika daftari kama zamani darasa la kina mama pale msikitini, mwalimu angeniona angefurahi.

Nyumba zilikuwa saba, ni kweli. Uliondoka mwenyewe. Ile ghurmu ya kulipa diya, fidia ya damu aliyoimwaga mtoto wa Naji, uliposema hutoi, kwa kuwa kosa si lako, baba alilia, na jina la nyumba yako likafutwa kwenye orodha. Sikulaumu, ulikuwa na miaka ishirini na mbili na kichwa cha punda. Ila usiniandikie kama kwamba sisi ndio tulioipoteza hesabu.

Niambie namna ya kuunga.

Taqiyya


Bayt al-Faqih
Alhamisi, 14 Novemba 2019

Dada,

Kichwa cha punda bado ninacho, ila sasa kina mvi.

Inveta iko kwa Shawqi, nimeifunga kwenye blanketi, asiikalie mtu. Hesabu ni hii. Sita zote za 46, basi mistari miwili, kila mmoja paneli tatu. Arobaini na sita mara tatu ni 138. Inveta inabeba 145. Umebaki na nafasi ya volti saba, inatosha, huku nimefunga hivyo zaidi ya nyumba mia na hakuna iliyolia. Mchoro nimeuweka nyuma ya karatasi. Waya mwekundu usiuogope, mweusi usiuzoee.

Jaribu mashine ikiwa tupu, usiku saba. Kisha mlete mtu wako.

Hizam


Hajrat Lawz
Jumatatu, 25 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Usiku saba sijaupata hata mmoja.

Nimefunga kama mchoro wako. Mchana inveta inawaka taa ya kijani, nafurahi. Nawasha mashine baada ya Isha, nalala sakafuni kando yake kama inanipumulia mimi. Kila siku inazimika kabla ya adhana ya Alfajiri, mara saa tisa, mara saa kumi kasoro. Betri hazishibi. Inveta inaandika nguvu ndogo mno, kama vile nimeunga nusu ya paneli.

Jana nilikwenda mjini. Muqbil akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia inaendelea vizuri. Huu ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu ndoa, ukitoa ule wa umri. Akasema, "Basi nianze kukunja nguo." Ameshakunja, Hizam. Begi liko mlangoni.

Fikiria kosa liko wapi. Nakuombea dua kila sijda.

Taqiyya


Bayt al-Faqih
Alhamisi, 28 Novemba 2019

Dada yangu,

Nimefikiria hadi mke wangu kaniuliza nimependa nani. Vumbi? Umelipangusa? Kuna kivuli cha mlozi? Viungo vya waya umevikaza? Kama yote ni sawa, paneli sita za 46 haziwezi kutoa nguvu hiyo. Haiwezekani.

Nakujua wewe tangu unanificha vitumbua. Ukiandika "kibandiko kimeandikwa" bila kusema vibandiko, naanza kukuna kichwa. Paneli zikiwa mstari mmoja, mkondo unapita kwa zote, na moja ikiwa dhaifu zote zinatembea mwendo wake. Panda paani. Simama mbele ya moja moja. Kisha niandikie kilichopo, si unachotaka kiwepo.

Hizam


Hajrat Lawz
Jumanne, 3 Desemba 2019

Mdogo wangu Hizam,

Umenikamata. Nisamehe, na Allah anisamehe kabla yako.

Tano ni za 46. Ya sita ni ya Bi Hurriya. Ni ndogo, kama sinia ya harusi, imeandikwa 22, na kona moja imepauka. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo, ya taa yake na simu yake. Siku ya ghurmu Naji alimwambia, "Wewe bibi umesamehewa, huna mtu." Akamjibu mbele ya wanaume wote, "Kwa hiyo sina nyumba? Siku nikifa mtanichimbia kaburi kwa huruma au kwa haki?" Akaishusha mwenyewe, akaibeba kichwani hadi kwangu, akaniambia, "Iweke katikati, isiwe pembeni kama mgeni." Nikaiweka katikati ya mstari wa pili. Ningekuandikia kwamba ni ndogo ungeniambia niitoe. Ningemwangaliaje? Sasa anakaa gizani kwa ajili ya mume wangu, na simu yake imezima.

Lakini Muqbil naye begi liko mlangoni. Nimeamua. Shawqi atanikopesha paneli moja ya 46 kutoka ghala la viazi. Ijumaa asubuhi mapema, kabla ya watu kuamka, nitaitoa ya Bi Hurriya na kuweka hiyo. Nitamwambia baadaye, kwa maneno mazuri kama nitayapata.

Kuna baridi mwaka huu. Asubuhi naparuza barafu juu ya paneli kwa ukingo wa sahani, na viazi vya Naji vya shamba la chini vimeungua majani yote. Nimekufumia soksi, ingawa huko unavaa kandambili.

Taqiyya


Bayt al-Faqih
Alhamisi, 5 Desemba 2019

Dada, usiunge. Ukisoma hapa simama, nenda kaizime inveta, kisha rudi uendelee.

Barafu. Umeandika barafu, mimi nimekaa na barua mkononi natokwa jasho. Paneli inapopata baridi volti zinapanda. Kibandiko kinasema 46 kwa joto la kawaida. Huku kwetu Desemba tunalala na feni, ndiyo maana nafasi ya volti saba hainiumizi kichwa. Kwenye baridi ya kugandisha, ile 46 inakuwa arobaini na tisa na nusu. Mara tatu ni 148. Inveta inabeba 145. Jua likigusa tu paneli zenye barafu, kabla hazijapata joto, imekwisha.

Najua utauliza mbona haijaungua mpaka leo. Ni kwa sababu ya ile ndogo. Mstari wake una volti chache, na mistari miwili ikiungwa pamoja ule wa chini unauvuta wa juu ushuke. Ile paneli iliyokuwa ikikunyima nguvu ndiyo iliyokuwa ikiilinda inveta kila alfajiri. Ukiitoa na kuweka ya Shawqi, hakuna wa kuzuia.

Nimepiga simu ya Bi Hurriya mara tisa. Imezima, na sababu umeniandikia mwenyewe. Nimempa barua dereva wa samaki anayepanda usiku huu, nimemwapisha kwa Mungu.

Kosa si lako. Miaka kumi na tisa nimefunga sola kwenye joto nikajiona bingwa. Nimezaliwa kwenye ile nyumba. Nilikuwa navunja barafu ya ndoo kwa kisigino ili nitawadhe. Nikaandika hesabu ya kwetu kana kwamba kwetu hakuna baridi.

Hizam


Hajrat Lawz
Jumapili, 8 Desemba 2019

Mdogo wangu,

Tulia. Inveta nzima, alhamdulillahi. Barua yako ilifika Ijumaa baada ya sala. Mimi nilikuwa nimepanga kuunga asubuhi ya siku hiyo hiyo, na ningeunga.

Sikiliza kilichotokea. Nimepanda paani giza halijatoka vizuri, nina spana na paneli ya Shawqi. Nikamkuta Bi Hurriya. Amekaa kitako kando ya paneli yake, kajifunika blanketi, na thamosi ya kahawa ya maganda.

"Bi Hurriya, unafanya nini hapa na baridi hii?"

"Shawqi ana mdomo kama mlango wa zizi. Kaniambia umemkopa paneli. Nikahesabu, sita na moja ni saba. Nikajiuliza ya nani inashuka."

Nikamweleza. Paneli yake inazivuta nyingine nyuma, mashine inazimika, Muqbil harudi. Nililia, sikuficha. Akanimiminia kahawa.

"Kama yangu inamzuia mumeo, nitaishusha mimi. Lakini mchana, mbele ya Naji, si kwa wizi. Nyie mnataka kuiba hata utoaji wa mtu?"

Basi tukaketi kungoja mchana, wanawake wawili wazima juu ya paa, jua likatukuta hapo. Spana ilikuwa mkononi mwangu, Hizam. Angekubali haraka, ningekuwa nimeshaunga. Barua yako ilipofika niliisoma hadi mwisho. Nikampelekea, nikamsomea ile sehemu ya kwamba paneli yake ndiyo iliyolinda inveta. Akasema, "Isome tena." Nikaisoma. Akasema, "Sasa kaisome kwa Naji."

Nimezima kila kitu. Sasa niambie la kufanya. Tatu tatu haiwezekani. Nina tano za aina moja, ya Shawqi anaitaka wiki ijayo, na Muqbil ananiuliza siku.

Na kuhusu hesabu, umeisahau baridi ya kwetu, basi. Mtu husahau. Mimi nilikuficha kwa kujua. Nani aanze kumsamehe mwenzake?

Taqiyya


Bayt al-Faqih
Jumatano, 11 Desemba 2019

Dada Taqiyya,

Nianze mimi, maana wewe umeshanisamehe vitu vikubwa zaidi.

Hesabu mpya. Mistari mitatu, kila mmoja paneli mbili. Mbili kwenye baridi kali kabisa ni volti tisini na tisa. Iko mbali na 145, na bado inaitosha inveta kufanya kazi. Lazima mistari ilingane, kwa hiyo tano hazitoshi, zinatakiwa sita za 46.

Paneli ya Bi Hurriya irudi kwenye paa lake. Si kwamba imekataliwa. Mgonjwa wa mashine lazima awe na simu iliyo hai, usiku na mchana, mahali penye mtandao, ili ikitokea jambo gari liitwe. Wiki iliyopita nilipiga mara tisa ikawa imezima, tukaponea chupuchupu. Hiyo ndiyo kazi ya paneli yake kwenye ghurmu hii. Mwambie Naji fundi kasema bila simu hiyo mfumo haujakamilika, na sisemi hivyo kumfurahisha mtu.

Ya sita ninayo. Ni ya 46, kampuni ile ile, nimeilinganisha na namba ulizonipa. Naweza kumpa Shawqi. Au naweza kuileta mwenyewe. Sijui kama Naji ataipokea mkononi mwangu. Muulize, lakini usimuulize kwa namna ya kunibembelezea. Akisema hapana nitampa Shawqi, na Muqbil atapumua vile vile.

Hizam


Hajrat Lawz
Ijumaa, 13 Desemba 2019

Hizam,

Nimemuuliza Naji mlangoni mwa msikiti, watu wakitoka. Nimemwambia, "Hizam ana paneli, anauliza ailete au aitume." Akatafuna mirungi yake kama hakusikia. Kisha akasema, "Ghurmu haitumwi kwa dereva wa viazi." Akaenda zake.

Njoo na koti.

Taqiyya


Hajrat Lawz
Jumamosi, 4 Januari 2020

Mdogo wangu Hizam,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai ulifika salama na mafua yamekuacha. Siku tano tu hapa na pua imekuwa bomba, na soksi zangu ulizikataa siku ya kwanza ukaziomba ya pili.

Ile siku uliyoondoka ndiyo niliyoanza kuhesabu upya usiku. Umefika wa saba, mashine haikuzimika. Wa tano kulikuwa na mawingu mchana kutwa, nikadhani ndio mwisho, lakini betri zilibaki na robo hadi jua likatoka. Alfajiri naangalia kioo cha inveta kabla sijatia udhu, Allah anisamehe. Asubuhi ya barafu nene kuliko zote kiliandika volti tisini na nane. Nimekiandika kwenye daftari kwa ajili yako.

Jumatano nilipanda kwa Bi Hurriya, nikampigia daktari kwa simu yake. Taa yake inawaka, na simu kaitundika kwenye msumari mlangoni, hairuhusu mtu aicheze. Daktari akaniuliza mara mbili, "Usiku saba, mama? Bila kuzimika?" Nikamwambia na Mungu ni shahidi, na Bi Hurriya pia. Akasema basi, mchukue.

Shawqi alimleta Alhamisi kwenye kiti cha mbele cha lori, viazi nyuma. Muqbil alishuka mwenyewe, akasimama kwenye kila ngazi, ngazi tisa, nilizihesabu kwa pumzi zake. Nikamvisha mpira wa pua, nikawasha. Mashine ikaunguruma. Akaangalia juu kana kwamba ataziona paneli kupitia dari, akasema, "Ni ya nani na nani?" Nikamtajia moja moja, nyumba kwa nyumba. Nilipofika kwa Hurriya akacheka hadi akakohoa. Nilipofika kwako hakucheka. Akasema, "Itaje tena hiyo."

Amelala hapa ninapoandika. Nimepika mchuzi wa hulba, umepoa, sitaki kumwamsha. Midomo yake ina rangi, Hizam. Nilikuwa nimeisahau rangi ya midomo yake.

Sasa jambo moja, Naji kaniagiza nikuandikie, nami naliandika kwa maneno yake. Jana Ijumaa ametangaza kusafisha birika la maji ya mvua kabla ya masika, kila nyumba siku moja, na orodha ameibandika mlangoni mwa msikiti. Nimekwenda kuisoma mwenyewe, na miwani. Nyumba saba. Yako imeandikwa ya mwisho, chini ya ya Bi Hurriya, kwa wino ule ule. Siku yako ni Jumanne, tarehe 11 Februari. Naji anasema uje na koleo lako, la kwake halikopeshwi, na usipotokea atakuja kukutafuta huko kwenye joto lenu.

Dada yako,
Taqiyya